Gamba Lisilosikia Sabuni

Mandanje tulimzika Jumanne asubuhi, na kabla wapishi hawajaepua sufuria la wali mwanawe mkubwa aliniita pembeni akanikabidhi katoni ya biskuti iliyofungwa kwa kamba ya katani. "Mzee alisema hii ni yako, mama. Ukija msibani upewe, usipokuja tuitupe." Nilijua kilichomo kabla sijaifungua, maana ilikuwa nyepesi mno kwa ukubwa wake, na nilipoitikisa kitu kikavu kiligonga ndani. Nilikaa barazani, nikafungua. Lilikuwa gamba lile la karatasi, pembetatu ishirini zilizokatwa kwenye majalada ya madaftari na kugandishwa kwa uji wa muhogo. Lilikuwa limebonyea upande mmoja na kuwa kahawia kwa moshi wa miaka mingi, lakini hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Juu ya pembetatu moja aliandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto, maneno mawili tu: Lionja, tenga. Wali ulipokuja sikuula. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikazunguka nyumba mara mbili, na wanawake wa msibani wakaniambia nijikaze, kifo kimeumbwa. Huzuni nilikuwa nayo kweli, nilimpenda yule mzee. Ila kilichonizungusha nyumba ile ni aibu, na aibu hiyo ina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Kwetu nilikotoka hakuhusiki hapa. Inatosha kusema kwamba ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, nina miaka ishirini na mitatu na cheti cha mifugo kilichokuwa bado kinanuka wino, nikapangiwa Nachingwea. Nilishuka na begi moja, na begi lile sikulifungua lote mwaka mzima. Nguo nilikuwa navuta moja moja, nafua, narudisha, nafunga zipu. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kwenda kusoma zaidi, na kila lori lililoingia mjini nililitazama kama vile limebeba barua yangu. Leo nikimwona kijana mgeni ofisini anachungulia dirishani kila injini inaponguruma, natamani kumshika bega nimwambie atazame alichonacho mezani. Sijawahi kufanya hivyo. Na mimi nisingesikia.

Mandanje alikuwa mtu wa maabara, Mmakonde wa umri wa baba yangu, mfupi, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja katika majengo ya zamani ya Wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, dari limetoboka, sakafu ya saruji imepasuka kuelekea mlangoni. Kulikuwa na friji la mafuta ya taa ambalo moto wake alikuwa akiuinamia kila saa, kuona kama ni wa buluu, maana ukigeuka mwekundu chanjo zimeharibika. Kulikuwa na meza moja ndefu. Upande mmoja alipasulia kuku waliokufa. Upande wa pili, juu ya gazeti, alikula ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na ndimu. Mipaka ya meza ile aliijua yeye peke yake, na mwanzoni nilikuwa nakula nimesimama nje. Katikati ya meza, kati ya mauti na chakula, ndipo alipokuwa akijenga gamba lake. Miaka ya nyuma, katika mafunzo, alionyeshwa picha moja ya gamba la kirusi iliyopigwa kwa hadubini kubwa, akainakili kwenye daftari, na tangu hapo hakupata amani mpaka alijenge kwa mikono yake.

"Njoo hapa, binti. Panga pembetatu sita, ncha zikutane katikati. Zinafanyaje?"

"Zinalala."

"Zinalala chapa, kama mkeka. Sasa toa moja. Vuta hizo tano zishikane." Alivuta, na karatasi ikainuka mezani. "Imesimama! Kama kawa la kufunikia chakula. Fanya hivyo kila kona, kona kumi na mbili, inajifunga yenyewe pande zote. Huna haja ya kuilazimisha."

"Nimeona, mzee."

"Hujaona. Unatazama lori."

Ni kweli nilikuwa natazama lori. Lakini maneno yake niliyasikia, na hilo ndilo linaloniumiza, maana ningekuwa sikuyasikia ningekuwa na pa kujificha. Alinieleza kwamba kirusi cha mdondo, kile kinachopinda kuku shingo, kimevaa koti la mafuta. Sabuni ikikigusa, koti linayeyuka, na habari yake imekwisha. "Lakini huyu wa Gumboro, muuaji wa vifaranga, hana koti," alisema, akiligusa gamba kwa ukucha. "Yuko na gamba tupu, kavu, la protini. Protini moja ileile imerudiwa mamia ya mara. Tatu zinashikana kama mafiga, mafiga yanashikana na mafiga mengine, mpaka nyumba inafungwa. Hakuna mafuta hapo. Sabuni itayeyusha nini?"

"Kwa hiyo hafi?"

"Moto anausikia. Na dawa kali, ambazo ofisi hii inazisoma vitabuni tu. Sabuni haisikii. Unamsafisha tu, anazidi kupendeza." Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshatoka kwenda kuuliza kama lori limeleta barua.

Kazi yangu hasa ilikuwa vijijini. Nilikuwa nakaa Lionja wiki mbili tatu kwa mpigo, nikichanja kuku mdondo, tone moja jichoni, alfajiri kabla hawajafunguliwa bandani. Nilipanga chumba cha uani kwa Mama Somoe, Mmwera mwenye mwili na sauti, ambaye alikuwa akiniita Bibi Mifugo mbele za watu na "we ntoto" tukiwa wawili. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ukuta wa udongo, na upande wa pili wa ukuta ndiko wanawake walikokaa kubangua korosho, kwa hiyo mwaka ule niliishi ndani ya mazungumzo yao. Nilijua nani kagombana na mkwewe na nani anapika mbaazi bila nazi huku nazi anazo. Zaidi ya yote nilijua habari za unyago wa Somoe, binti yake wa pekee, uliopangwa baada ya mavuno ya korosho. Wajomba wa mwali wangetoka mbali, na Mama Somoe alikuwa ameapa kwamba kila mjomba atawekewa kuku mzima. Dada yake mkubwa aliwahi kuwawekea dagaa, na miaka yote hiyo dagaa wale walikuwa bado wanasemwa. Vifaranga wa shughuli hiyo walikuwa wamefika ukubwa wa ngumi, wengi, weusi na wa madoa, na jioni aliwalaza ndani ya nyumba ndani ya tenga lake moja la fito, zuri, alilosukiwa na marehemu mumewe.

Tenga hilo aliniazima. Nilikuwa narudi mjini kuripoti, nikamwambia nataka kitu cha kubebea kuku wa kupima, akalileta mwenyewe na kulifuta vumbi kwa kanga. Pale mjini kulikuwa na mfugaji mmoja wa kuku wa kisasa ambaye vifaranga wake walikuwa wanajikunyata, wanaharisha maji meupe, na kufa kwa makundi. Nikawatia kwenye tenga la Mama Somoe, wazima na wafu, nikawapeleka kwa Mandanje. Alimpasua wa kwanza, akanionyesha kifuko kidogo karibu na tundu la haja, kimevimba, kina damu. "Huyu ndiye mwenye nyumba yetu," alisema, akitikisa kichwa kuelekea gamba la karatasi. Kisha, akiwa bado ameinama, "Tenga hilo lichome. Leo."

Nilisema ndiyo. Nilitoka nalo mpaka nyuma ya jengo, kiberiti nikiwa nacho. Sasa hapa ndipo watu wa mbali hawanielewi ninapowasimulia, lakini wa Lionja angenielewa kabla sijamaliza. Chombo cha kuazima unakirudisha, na unakirudisha na kitu ndani. Sahani inarudi na maandazi, ndoo inarudi na hata mboga. Ukirudisha kitupu umeonyesha ulivyo. Usiporudisha kabisa, tena kazi ya mikono ya marehemu, ukaja kusema umekitia moto, hapo hujaonyesha tu, umetukana. Nilisimama na kiberiti changu, nikamwona Mama Somoe anavyolifuta tenga lile kwa kanga. Nikarudisha kiberiti mfukoni. Nikajiambia nitaliosha mpaka ling'ae.

Lori liliniteremsha Lionja mwanzoni mwa kijiji, karibu na kwa Atuwa. Huyu alikuwa Mmakua, aliyevuka kutoka upande wa Msumbiji na watoto wake wawili, mwembamba, mcheshi, na japo alikuwa na misimu kadhaa pale bado walimwita mgeni. Aliniona na tenga lenye mavi makavu akacheka. "Bibi Mifugo, unataka kunrudishia Mama Somoe tenga namna hiyo? Atakufukuza." Alinichotea maji, akanipa kipande chake cha sabuni ya mche, tukaliosha wote wawili, yeye akisugua ndani, mimi nje.

"Walikuwemo kuku gani humu?"

"Wa mjini. Walikuwa wagonjwa."

"Wamepona?"

"Wamekufa," nikasema, na nikazidisha povu. Tulilianika juani likawa jeupe. Nikatia ndani sukari na kanga ya mwali, nikalipeleka, na Mama Somoe akapiga vigelegele uani kwake. Jioni ile aliwalaza vifaranga ndani yake.

Hazikupita siku nne. Kifaranga wa kwanza nilimwona mimi, amevimbisha manyoya kando ya jiwe la kusagia, anajidonoa nyuma. Kesho yake walikuwa sita. Nilishika mkia wa mmoja nikaona maji meupe yaleyale ya mjini. Niliwatenga, nikawapa maji, nikapita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wasiazimane chochote, bila kusema kwa nini. Usiku sikulala na mchana sikukaa. Ndani ya juma moja waliobaki kwa Mama Somoe walihesabika kwa mkono mmoja, na nyumba mbili za jirani zilikuwa zinafukia vifaranga wao. Mimi ndiye niliyewaahidi kwamba waliochanjwa hawafi. Niliposema chanjo ile ni ya mdondo na huu ni ugonjwa mwingine, walinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu anayejitetea.

Ndipo niliposikia kupitia ukutani. Mikono yao ilikuwa kwenye korosho, najua kwa mlio.

"Yule mgeni alikuja hapa akawatazama. Akasema, hawa wamenona kweli."

"Akasema mashaallah?"

"Hakusema."

"Nilikwambia yule ntu ana jicho. Ana kuku wangapi yeye? Watatu. Kuku wa watu wanafukiwa, wake wanatembea."

Kuku wa Atuwa walikuwa wakubwa, mitetea wa umri ambao ugonjwa ule hauwashughulikii sana. Nililijua hilo. Nilikuwa na maneno ya kuwaambia, na ukuta ule wa udongo ungepitisha hata mnong'ono. Badala yake nilidandia lori na kifaranga mfu kwenye mfuko, nikaenda kwa Mandanje. Alimpasua, akakiona kifuko. Akafuta kisu taratibu.

"Tenga ulichoma?"

"Nilichoma."

Alinitazama juu ya miwani. Hakuuliza mara ya pili. Barua yangu ya kusoma ilikuwa inangoja pendekezo la ofisi, na nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba hakuna anayempendekeza mtumishi aliyepeleka maradhi kijijini kwa mikono yake. Kwa hiyo tuliwekwa kwenye mizani, mimi na begi langu upande mmoja, Atuwa na watoto wake upande wa pili, na mimi ndiye niliyeshika mizani. Mandanje akalitungua gamba lake la karatasi, alilokwisha kulimaliza na kulitundika kwa uzi, akanipa. "Kawaonyeshe. Waambie ni kitu, kina umbo, kinabebwa. Si jicho la mtu."

Nilikwenda nalo, nikawakusanya wanawake uani kwa Mama Somoe, na Atuwa akaja akakaa mwisho wa mkeka. Nilifundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha. Nilihesabu pande, nikaonyesha kona, nikaeleza mafiga matatu matatu, wakacheka, wakataka kulishika. Nikasema huyu habebwi na jicho wala na neno. Anabebwa na viatu, na mikono, na vyombo, na sabuni hamfanyi kitu. Mama Somoe alilishika gamba kwa vidole viwili, akaligeuza.

"Basi kama linabebwa, Bibi Mifugo, nani kalibeba kulileta kwangu?"

Atuwa alikuwa ananitazama mikono, si uso.

"Hilo haliwezi kujulikana," nikasema.

Sijawahi kusema uongo wenye elimu kuliko ule. Mama Somoe akaniwekea gamba mapajani, akamgeukia Atuwa, akamtazama tu. Hakuna aliyemfukuza, niwe mkweli. Waliacha tu kumwazima. Alipokwenda kuomba kinu, kinu kilikuwa na kazi. Alipokwenda kuomba moto asubuhi, moto ulikuwa umezimika nyumba zote. Kabla ya unyago alifunga vyombo vyake akaenda Narung'ombe, upande wa Ruangwa, kwa ndugu wa mama yake. Wajomba wa mwali waliwekewa dagaa. Mama Somoe aliwapakulia mwenyewe, kichwa kimeinama, na mimi nilikula pale pale, sahani moja na mashangazi. Barua yangu ilikuja baada ya mwezi. Nililirudisha gamba kwa Mandanje, akalipokea, akalitundika, na mimi nikaondoka na begi ambalo halikuhitaji kufungwa.

Nilisoma, nikapata vyeo, nikarudi kusini hukuhuku. Nimewafundisha vijana wengi kwamba kirusi chenye koti la mafuta na kile chenye gamba tupu havisafishwi kwa njia moja, na kila nikifika hapo nilikuwa naanza kutembeatembea mbele ya darasa. Ruangwa nimefika mara nyingi, kwenye minada, kwenye mikutano. Njia ya Narung'ombe nilikuwa naijua, na sikuwahi kuishika. Ilibidi Mandanje afe na kunirudishia uongo wangu ndani ya katoni ya biskuti. Alikuwa anajua miaka yote hiyo, akaandika maneno mawili, akanyamaza. Sijui kama alininyamazia kwa huruma au alichoka kunitazama nikitazama malori.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipanda bodaboda mpaka Narung'ombe na katoni mapajani. Atuwa alikuwa anapepeta ufuta na wakweze wawili. Amekuwa bibi, meno ya mbele hana, lakini alinitambua nikiwa bado nashuka.

"Bibi Mifugo. Karibu kigoda." Nikasema niko sawa, nimesimama tu. Akacheka. "Bado hukai chini."

"Dada Atuwa, nimekuja kukwambia jambo la lile tenga."

"Usiniambie mimi. Mimi nnalijua, sabuni ilikuwa yangu." Aliendelea kupepeta. "Ningesema siku ile, nani angeniamini? Nikasubiri useme wewe. Ulikuwa umeshika lile dude lako la karatasi, unaongea vizuri, nikasema moyoni, sasa anasema. Sasa anasema." Akaweka ungo chini. "Waambie hawa. Wanajua niliondoka Lionja kwa jicho. Watoto wangu wamekua wanajua hivyo."

Niliwaambia. Nililia, na nikaomba radhi, na wakweze waliangalia ufuta. Atuwa hakunifuta machozi. Aliingia ndani akatoka na tenga jipya la fito, lisilo na hata unyoya, akafunga ufuta kwenye kitambaa akautia ndani.

"Mama Somoe yu hai, nnasikia. Npelekee. Kuku sikutilii, usije ukawabeba tena." Hapo tu ndipo alipotabasamu. "Mwambie hili limetoka kwa Atuwa. Halafu umwambie na lile lake."

Nilishuka Lionja kesho yake asubuhi. Mama Somoe alikuwa anafagia uwanja, mgongo umepinda, sauti ileile inamkemea mbuzi wa jirani. Aliliona tenga kabla hajaniona mimi.

"La nani hilo?"

"La Atuwa. Amekuletea ufuta." Nilikuwa nimejipanga njia nzima, maneno mazuri, marefu, yote yakanipotea. "Na lile lako, mama, ndilo lililoua vifaranga wa Somoe. Nililibebea wafu mjini, nikaambiwa nichome, nikaliosha nikakurudishia. Nilijua. Nilijua hata siku ile uliponiuliza."

Aliegemea ufagio. Mbuzi akarudi, hakumkemea. Kisha akachukua tenga mkononi mwangu, akaliweka mlangoni, akauvuta mkeka kivulini na kupiga mahali kwa kiganja.

"Kaa chini," alisema. "Kaa unieleze tangu mwanzo."

Nikakaa.